Shemasi Asahel Thaxter, Mwenyekiti Aliyeufunga Mkutano wa Dunmere

Shemasi Asahel Thaxter, tunayemsindikiza leo Ijumaa, tarehe 23 Aprili 1784, alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Josiah Thaxter na mkewe Patience. Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1719 hapa hapa Dunmere, katika nyumba ya magogo iliyosimama pale ambapo sasa pana bwawa la kinu. Mji wakati huo ulikuwa na familia chache, na mbwa mwitu wengi kuliko kondoo. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alitimiza miaka mitatu bila kutamka neno, hata jamaa wakaanza kunong'ona kwamba ni bubu. Siku alipofungua kinywa ilikuwa mezani, mbele ya bakuli la uji wa mahindi, naye aliuliza kwa nini kaka yake ametiwa molasi, ile asali nyeusi ya miwa, na yeye hakutiwa. Baba yake akaweka kijiko chini na kusema, "Kumbe alikuwa anasubiri kuonewa."

Kusoma alifundishwa jikoni kwa Mjane Hannah Pell, pamoja na watoto wengine waliobanana kwenye benchi moja karibu na moto. Baada ya hapo alihudhuria shule ya mji, iliyofunguliwa miezi ya baridi tu, hadi alipotimiza miaka kumi na mitatu. Chuoni hakuwahi kufika. Hata hivyo aliwapenda wasomi, na pia hakuwaogopa. Mjukuu wake mmoja aliporudi likizo kutoka chuoni na hotuba kali kuhusu watawala dhalimu, Shemasi aliisikiliza yote akiwa ameegemea pipa, kisha akasema ni nzuri sana, sasa asomewe ya upande wa pili. Mjukuu akajibu kwamba upande wa pili hauna hoja. "Basi hiyo yako haijaisha," Shemasi akamwambia, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi yake ilikuwa mapipa. Alijifunza ufundi huo mjini Worcester kuanzia mwaka 1733, akarudi Dunmere mwaka 1740 na kufungua karakana kando ya barabara ya Boston. Pombe ya tufaha ya wilaya hii, nyama yake ya chumvi na mafuta yake ya taa yalisafiri ndani ya mapipa yenye herufi A.T. zilizochomwa kwa chuma kwenye kifuniko. Mwaka 1745 aliyaacha mapipa, akaenda na jeshi la koloni letu la Massachusetts kupigana na Wafaransa kule Louisbourg. Kabla ya kupanda meli aliweka mkono juu ya Biblia akaapa kuwa mtiifu kwa Mfalme wa Uingereza. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na alilimaanisha kila neno. Tangu hapo, ndani ya nyumba yake hakuna aliyeruhusiwa kulifanyia mzaha neno kiapo. Mtu anayetaka kuelewa mengine yote yaliyotokea katika maisha yake na alikumbuke hilo.

Huko Louisbourg alilala chini ya blanketi moja na kijana wa hapa hapa mjini, Lemuel Wyeth, na waliporudi Lemuel alimkaribisha nyumbani kwao kula. Mezani alikuwepo dada yake Lemuel, Keziah. Shemasi alimwoa Keziah tarehe 5 Novemba 1747, na Mungu akawajalia watoto watatu: Thankful, Gideon na Jotham. Kwa hiyo Lemuel, aliyekuwa rafiki, akawa shemeji. Baadaye gavana alimteua Lemuel kuwa hakimu kwa jina la Mfalme, naye Asahel akachaguliwa na kanisa kuwa shemasi mwaka 1761, kisha na mji kuwa mwenyekiti wa mikutano mwaka 1764. Kila Jumamosi alasiri wawili hao walikaa karakanani wakibishana juu ya kila kitu, kuanzia mahubiri ya mchungaji hadi namna bora ya kufuga nguruwe. Keziah alikuwa akisema kwamba amewekewa waume wawili, na hakuna hata mmoja anayemsikiliza.

Mwaka 1774, baada ya watu wa Boston kuimwaga baharini chai iliyotozwa kodi ya Uingereza, Bunge la London lilitunga sheria za kutuadhibu. Bandari ya Boston ikafungwa, na hilo liliuma. Lakini sheria iliyomkosesha Shemasi raha ilikuwa nyingine, isiyo na meli wala mizinga. Kuanzia Agosti mwaka huo, hakuna mji ulioruhusiwa kuitisha mkutano wa wananchi, ukiacha ule wa kila Machi, bila kibali cha gavana, na hata ukipewa kibali uzungumze yale tu ambayo gavana ameyakubali. Watu wa Dunmere, waliokuwa wakikaa pamoja kuamua mambo yao tangu babu zao walipokata mti wa kwanza hapa, sasa wangehitaji ruhusa ya mtu aliye mbali ili wazungumzie daraja lao bovu.

Vijana wengi walikimbilia bunduki. Shemasi alikimbilia kanuni. Mkutano wa Machi ulikuwa umefunguliwa kihalali, Jumatatu tarehe 7, yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti. Basi hakuufunga. Kila walipomaliza mazungumzo ya siku alitangaza kwamba mkutano umeahirishwa hadi tarehe fulani, na tarehe hiyo ilipofika waliendelea palepale walipoachia. Alisema sheria inakataza kuitisha mkutano, haikatazi kuumaliza ule ulioanza. Mji mzima ulifurahia ujanja huo. Watu walipokutana kinuni waliulizana mkutano unaendeleaje, na jibu likawa, "Una miezi mitano, umeanza kuota meno."

Kwa Shemasi haikuwa mzaha. Ule mkutano usiofungwa ulikuwa uzi mwembamba alioshikilia kwa mikono miwili. Kwa uzi huo haki ya mji ilibaki hai na kiapo chake hakikuvunjika. Wengine walikuwa tayari kuitwa waasi. Yeye hakuwa tayari. Aliamini kwamba mtu hawezi kumwasi mfalme aliyemwapia mbele ya Mungu mpaka ahakikishe, bila kujidanganya, kwamba ni haki kufanya hivyo. Na bado hakuwa na hakika.

Jumatatu tarehe 12 Septemba 1774, mkutano uliendelea humu humu kanisani. Ajenda ilikuwa kununua baruti. Hakimu Lemuel Wyeth alisimama kupinga. Alisema Mfalme ndiye aliyelipa gharama za kututetea dhidi ya Wafaransa, na kwamba kuwachinja ng'ombe wote kwa sababu ya kupe mmoja ni wazimu. Alisema mtume Paulo ameandika kwamba kila mtu na atii mamlaka iliyo kuu, wala hakuongeza maneno "isipokuwa watu wa Massachusetts." Wachache walicheka. Wengi hawakucheka, maana ilikuwa imejulikana wiki hiyo kwamba Hakimu alitia sahihi barua ya kumuunga mkono gavana.

Kapteni Amos Stiles, mwenye nyumba ya wageni, akatoa hoja. Mji umtake Hakimu Wyeth apige magoti hapo hapo na kukana barua yake, na akikataa, apakwe lami na manyoya na kutembezwa hadi mpaka wa mji juu ya gogo. Hoja iliungwa mkono kabla hajaketi. Nje lami ilikuwa tayari inachemka. Kupitia dirisha Shemasi aliliona pipa lililoletewa lami hiyo, pipa lake mwenyewe, lenye herufi zake mbili. Na miongoni mwa vijana waliokwisha kuruka mabenchi na kumshika Hakimu mikono, alimwona mwanawe Gideon, akiwa amemshika mjomba wake.

Kwa desturi ya Dunmere, mwenyekiti hawezi kukataa kuipigisha kura hoja iliyoungwa mkono. Angeipigisha, ingepita, na jambo lile lingekuwa limefanywa na mji wenyewe, kwa mkono wa sheria yetu wenyewe. Njia moja tu ilibaki. Fujo ikizuka, mwenyekiti ana mamlaka ya kuufunga mkutano.

Shemasi alisimama. Akasema, "Mkutano umefungwa."

Hakusema umeahirishwa. Ilichukua muda watu kutambua walichosikia. Kisha hata Kapteni Stiles akaelewa kwamba ile miezi sita ya ujanja imekatika kwa maneno mawili, na kwamba mji wa Dunmere hauna tena njia halali ya kukutana hadi Machi ijayo. Gideon aliuachia mkono wa mjomba wake. Bila kura ya mji, lile pipa la nje lilikuwa kazi ya wahuni tu, na pale hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitwa mhuni mbele ya jirani zake. Walitoka mmoja mmoja, wengine wakimlaani Shemasi kwa sauti ya kutosha kumfikia.

Alimsindikiza shemeji yake nyumbani kwa miguu. Lemuel ndiye aliyeanza kusema.

"Umeniokoa ngozi, shemeji, lakini umejikata koo. Sasa gavana anaweza kulala usingizi. Hamna mkutano tena."

"Tutakutana wiki mbili kutoka leo."

"Kwa kibali cha nani?"

"Chetu."

Lemuel alisimama katikati ya njia. "Asahel, huo ni uasi. Sio mchezo wa maneno kama ule wa kuahirisha. Huo ni uasi wenyewe, una pembe na mkia."

"Najua. Tangu Agosti nimelizunguka hilo neno kama mbwa anavyomzunguka nungunungu. Kama si sawa, niambie sasa kwa nini si sawa. Una barabara nzima mpaka kwako."

Lemuel alimweleza, na barabara haikutosha. Walisimama langoni pake mpaka jua likazama na mahindi yakapoteza kivuli. Shemasi alirudi nyumbani bila kushindwa na bila kushinda. Kilichombana kilikuwa kile kile, kiapo. Alimwambia Keziah kwamba haoni namna ya kuuondoa mkono wake juu ya Biblia ile ya mwaka 1745.

Keziah alikuwa anakata tufaha za kukausha. Hakuinua kichwa. "Shemasi," akasema, na alimwita hivyo alipokuwa amekasirika, "mimi nami niliapa. Niliapa kukutii, mbele ya mchungaji, na wewe ukaapa kunitunza. Ungenipiga marufuku kufungua mdomo ndani ya jiko langu mpaka nipate kibali chako, ungenikuta hapa bado?"

Shemasi alikiri kwamba asingemkuta.

"Ningekuwa nimevunja kiapo mimi, au wewe?"

Keziah alitupa kiini cha tufaha kwenye ndoo ya nguruwe, kisha akaongeza: "Ila ukimwacha Stiles ammwagie kaka yangu lami kwa jina la uhuru, pia hutanikuta. Sababu ni ile ile moja."

Shemasi alisema mara nyingi baadaye kwamba amesoma vitabu na vijitabu vyote vilivyoandikwa juu ya haki ya wananchi kuasi, na hakukuta jambo ambalo Keziah hakulisema siku ile kwa kisu mkononi. Kiapo kina watu wawili. Mtawala anayewakataza watu kukaa pamoja na kusema amekwisha kukivunja upande wake, na anayebaki ameshika upande mwingine peke yake ameshika hewa. Lakini sababu hiyo hiyo inayomfungulia mtu mlango wa kuasi ndiyo inayomfunga mkono asimzibe mdomo jirani. Hawezi kuchukua nusu na kuiacha nusu.

Alilitia sahihi tangazo la mkutano mpya kwa mkono wake, jina lake likiwa la kwanza, akalibandika kwenye mlango wa kanisa ambapo yeyote, hata askari wa gavana, angeweza kulisoma. Jumatatu tarehe 26 Septemba watu walijaa mpaka roshani ikalia. Walimchagua tena kuwa mwenyekiti, ingawa wengine walifanya hivyo wakinuna. Maneno yake ya ufunguzi hayakuwa marefu.

"Mpaka wiki mbili zilizopita tulijificha nyuma ya neno. Leo hatuna neno la kujificha. Hakuna aliyetupa ruhusa ya kuwa hapa. Tumekuja kwa sababu huu ni mji wetu. Mtu akiuliza tulianza kuasi lini, mwambieni ni leo, na mwambieni mimi ndiye niliyefungua mlango. Sasa, wa kwanza kuzungumza ni Hakimu Wyeth, na atakayeinuka kabla hajamaliza atatoka nje."

Lemuel alizungumza kwa saa nzima, na hakutuonea huruma. Aliyarudia ya Paulo na ya Wafaransa. Kisha akainua kidole kuelekea roshani, alipokuwa ameketi Juba, mtumwa wa Kapteni Stiles. "Mnalia kwamba London inataka kuwafanya watumwa," alisema. "Kapteni, yule pale juu ni nani kwako? Naye tumwite lini kwenye mkutano?" Stiles aligeuka mwekundu. Shemasi angeweza kumkatiza shemeji yake kwa kutoka nje ya mada, na wengi walimtazama wakimtaka afanye hivyo. Hakumkatiza. Alisema swali limesikika na halina jibu leo, na kwamba mji utalirudia mpaka lipate jibu. Ni kweli alilirudia, katika kila mkutano wa Machi, mpaka watu wakawa wanaguna akisimama. Kapteni Stiles alimwachia Juba huru mwaka 1781. Hatujui ni dhamiri iliyomsukuma au ni kuchoka kusikia.

Kura ilipigwa kwa miguu, kama ilivyo desturi. Waliotaka mji ukutane utakavyo na ununue baruti waende ukuta wa mashariki, wasiotaka ukuta wa magharibi. Sakafu ilitetemeka watu walipovuka kwenda mashariki. Magharibi alikwenda mtu mmoja, akasimama kando ya dirisha na kofia yake mkononi. Hakuna aliyemgusa. Tunasema bila kusita kwamba Dunmere ilikuwa na haki siku ile, na kwamba haikuwahi kuwa na haki kubwa kuliko pale iliposimama na silaha zake upande mmoja na kumwacha yule mtu mmoja asimame upande wake.

Laiti tungeweza kusema kwamba tulidumu hivyo. Risasi za kwanza za vita zilipolia Lexington, Aprili 1775, hasira ilizidi kanuni. Madirisha ya Hakimu yalivunjwa, ng'ombe wake wakakatwa mishipa. Shemasi alilala mlangoni pake kwa wiki nzima na fimbo, lakini mtu mmoja na fimbo yake si ukuta. Lemuel akakimbilia Boston, na jeshi la Mfalme lilipoondoka huko Machi 1776, aliondoka nalo hadi Halifax, kaskazini, ambako Mfalme bado alitawala. Julai ya mwaka huo huo Gideon alifariki kambini Ticonderoga, kwa ndui, akiwa na miaka ishirini na minne. Wapo waliomwambia Shemasi kwa nia njema kwamba sasa damu ya mwanawe imethibitisha haki ya jambo letu. Alikataa faraja hiyo. Alijibu kwamba damu haithibitishi hoja, maana kule Halifax pia kuna akina baba wanaolia. Hoja ilikuwa ya haki kabla ya Gideon kufa, alisema, na ndiyo sababu alimruhusu aende. Kisha aliingia karakanani, na kwa siku nyingi sauti ya nyundo ndiyo ilikuwa maombolezo yake.

Vita viliisha, nasi tukapata nchi. Shemasi alifurahi kuliko vijana. Siku habari za amani zilipofika, alifungua pipa la pombe ya tufaha la mwaka 1774 alilokuwa amelificha, na akacheza dansi na Keziah uani, jambo ambalo shemasi hatarajiwi kulifanya na ambalo mchungaji, tunamshukuru, hakuliona.

Ugonjwa ulianza Oktoba 1783. Miguu ilijaa maji, kisha kifua, na kufikia Krismasi alikuwa akilala ameketi. Daktari Asa Pomeroy alikuja kila wiki na kumtibu kwa uangalifu mwingi. Familia inamshukuru. Ni wakati huo Shemasi alipoagiza kwamba glavu wanazopewa waombolezaji siku ya mazishi zisigawiwe, kwa kuwa zinatoka Uingereza na mikono ya watu wa Dunmere haijawahi kufa kwa baridi ya makaburini. Mliokuja leo mkitarajia glavu, lawama zenu mwelekezeeni yeye.

Majira hayo ya baridi ilifika barua fupi kutoka Halifax. Lemuel alikuwa amefiwa na mke, naye aliomba kurudi kufia nyumbani. Suala lake likawekwa katika mkutano wa Machi. Miji mingi ya jirani ilikwisha kupiga kura kwamba hakuna aliyekimbilia kwa Mfalme atakayekanyaga tena ardhi yao, na katika nyumba ya wageni ya Stiles ilionekana hata sisi tungefanya vivyo hivyo. Daktari alimkataza Shemasi kutoka kitandani. Jumatatu tarehe 1 Machi 1784, Jotham alimfunika kwa ngozi za dubu na kumleta kanisani juu ya sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, lililovutwa na maksai.

Hakuwa mwenyekiti tena. Aliomba nafasi kama mtu mwingine yeyote, na alizungumza akiwa ameketi kwa kukosa pumzi.

"Jirani zangu, tuliasi. Tusitafute neno laini. Na nasema tulikuwa na haki, kwa sababu tulitawaliwa bila kusikilizwa, na tukaambiwa tusikutane hata kulalamika. Lakini kama tuliasi ili zamu yetu ifike ya kumfungia mtu mlango kwa sababu alisema hapana, basi Mfalme alikuwa sahihi, na sisi ni wezi tuliomnyang'anya fimbo. Yule mzee anaweza kutufanya waasi wa haki au waasi wa bure. Hilo liko mikononi mwenu leo."

Kapteni Stiles aliuliza kama mtu aliyemtakia Gideon mabaya anastahili kula mkate hapa. Shemasi akamjibu kwamba Gideon alikuwa mwanawe yeye, na kwamba akitaka kumtumia kwenye hoja aombe ruhusa. Stiles akaketi.

Ilipofika kura ya miguu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Aliyeanza alikuwa Juba Freeman, ambaye sasa ana shamba lake kando ya mto na kura yake kama sisi. Alivuka hadi ukuta wa mashariki, upande wa kumrudisha Lemuel, na alipoulizwa sababu alisema, "Huyo mzee ndiye wa kwanza kunitaja ndani ya nyumba hii. Alinitaja kwa kuwachokoza, lakini alinitaja." Baada yake wakavuka wengine, kwa makundi, mpaka upande wa mashariki ukajaa. Kapteni Stiles alibaki magharibi na kundi lake. Walioshinda walimpisha atoke wa kwanza mlangoni, naye alipofika kwa Shemasi aliinama akamwekea ngozi ya dubu vizuri miguuni.

Lemuel alifika Alhamisi tarehe 15 Aprili, amekonda, na koti ambalo hatukulijua. Keziah alimshika uso kwa mikono miwili na kumwambia amezeeka vibaya. Alimpeleka chumbani. 

"Shemeji," Lemuel akasema, "nimekula baridi ya Halifax miaka minane nikiwaza, na bado naona mlikosea. Mngesubiri. Mfalme mwingine angekuja, Bunge jingine, na Gideon angekuwa na watoto."

"Vuta kiti," Shemasi akasema. "Uniambie polepole. Safari hii hakuna mwenye haraka."

Kwa siku zile zilizobaki hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Ukipita mlangoni ulisikia "lakini" ya mmoja ikikatwa na "ndiyo, lakini" ya mwingine, kisha kikohozi, kisha kicheko. Jumanne tarehe 20 Aprili, asubuhi, dirisha likiwa wazi na Jotham akilima shamba la mbele, Lemuel alikuwa akieleza jambo kuhusu kodi ya stempu. Shemasi aliinua mkono kama mtu anayeomba nafasi ya kujibu. Lemuel akanyamaza kumsikiliza. Mkono ulishuka taratibu juu ya blanketi, na hivyo ndivyo alivyotuacha, akiwa na miaka sitini na minne, na hoja moja ambayo hatukuisikia.

Marehemu ameacha mjane, Keziah; binti, Thankful Hollis, na mumewe; mwana, Jotham, na mkewe; wajukuu tisa; dada mmoja, Mercy Thaxter wa Worcester; na mji uliojifunza kuasi na unaoendelea kujifunza kilicho kigumu zaidi. Ameacha pia shemeji, Lemuel Wyeth, ambaye ataketi na familia. Lemuel ameomba itangazwe mbele ya jeneza kwamba hajabadili mawazo. Imetangazwa, kwa idhini ya wafiwa wote.

Shemasi Asahel, lala kwa amani. Mazungumzo tutayaendeleza sisi.